Sura ya Tano: Kivuli, Matone na Upepo

Vitabu vingi vya kufuga kinyonga vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Ukivifuata neno kwa neno ukiwa Mtaa wa Mkunguni au Aggrey, Kariakoo, utamuua mnyama wako kwa joto. Mwandishi wa Ujerumani huanza na taa ya joto, akaja kwenye kidhibiti joto, akamalizia na kabati la kioo la kuzuia joto lisipotee, maana nje kwake Januari ni theluji. Kwetu Dar es Salaam Januari na Februari joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32, na usiku hali huwa nyuzi 25 hivi. Julai, ambao ndio mwezi wetu wa kuvaa sweta, alfajiri hushuka hadi 18 au 19. Kinyonga wa pwani yetu ameumbwa kwa hali hiyo hiyo. Haombi joto kwa mtu. Anachohitaji kwako ni kivuli cha kukimbilia, maji yanayodondoka na upepo unaopita, na sura hii yote inahusu namna ya kuvipata vitu hivyo vitatu katikati ya mji uliojengwa kwa zege na mabati.

Kabla hujaenda kununua mbao, nenda kaulize kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inawafanya wanyamapori wote kuwa mali ya umma, na kinyonga aliye kwenye ua wa jirani yako ni mnyamapori sawa na tembo wa Mikumi. Kumkamata, kumuuza, kumnunua au kukaa naye ndani bila ruhusa ni kosa. Mwenye mamlaka ya kuruhusu ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na ofisi zake ndiko safari hii inakoanzia. Wakikukatalia, umekataliwa, na bado kuna njia nyingine ya kuishi na kinyonga ambayo nitaieleza chini.

Naliweka jambo hili mbele kwa sababu nchi yetu imeumia katika biashara hii. Ukiacha Madagascar, yenye karibu nusu ya aina zote za vinyonga duniani, hakuna nchi yenye aina nyingi kuliko Tanzania, na aina hizo zilisafirishwa hai kwa miaka mingi kwenda Ulaya, Marekani na Asia, kwenye maboksi. Mkataba wa kimataifa wa CITES umewaweka karibu vinyonga wetu wote kwenye orodha ya wanyama ambao biashara yao lazima idhibitiwe. Wale wadogo wa sakafu ya msitu, wanaofanana na jani kavu, waliongezwa baada ya mkutano wa Johannesburg wa 2016. Mwaka huo huo Serikali yetu ilifunga usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Juni 2022 lilitoka tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara waondoe wanyama waliobaki mikononi mwao ndani ya miezi 6, na Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Pindi Chana, akalisitisha muda mfupi tu baadaye. Kwa hiyo ukikutana na kijana ana kinyonga ndani ya boksi la viatu anatafuta mteja, usimnunue, hata kama roho inakuuma ukimtazama yule mnyama. Pesa utakayotoa ndiyo itakayomrudisha kijana yule porini kutafuta mwingine.

Swali linalofuata ni kinyonga yupi. Kwa mkazi wa Dar jibu ni moja tu: kinyonga wa kawaida wa pwani, ambaye wanasayansi humwita Chamaeleo dilepis. Ni wa kijani au kahawia, ana mapande mawili ya ngozi nyuma ya kichwa ambayo huyatanua akikasirika, na akikomaa huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30 pamoja na mkia. Huyu anaishi kwenye bustani na vichaka vya jiji hili hili. Wenye pembe wa Usambara na wa Mlima Meru wanavutia kweli, nami nawaelewa wanaowatamani, ila hao ni wa ukungu na usiku wa baridi. Mlete mmoja Kariakoo mwezi wa pili, umuweke kwenye roshani ambayo hata saa sita usiku inatoa joto la ukuta: atadhoofika mbele ya macho yako, na hakuna maji utakayomnyunyizia yatakayokuwa badala ya mlima.

Sasa kizimba. Vipimo ninavyovipendekeza ni futi mbili kwa futi mbili kwa chini, na futi nne kwenda juu. Kinyonga hutumia maisha yake akipanda na kushuka, kwa hiyo kizimba kifupi na kipana hakimfai hata kikiwa kikubwa. Mbao za mbili kwa mbili zinatosha kwa fremu. Mlango uwe upande mzima wa mbele, wenye bawaba imara na komeo la juu na la chini, maana utakuwa ukiingiza ndoo za miche na si mkono peke yake.

Fundi seremala wa Gerezani niliyempelekea mchoro aliugeuza mara mbili.

“Hili ni banda la kuku, bosi?”

“Hapana, fundi. La kinyonga.”

Akaichomeka penseli sikioni, akanyamaza kidogo. “Huyo si ana mikosi? Mimi nitakutengenezea, ila usinilete siku ya kumwingiza.”

Alitengeneza vizuri mno, pembe zote zimekaa sawasawa, wala sikumlaumu kwa hofu yake. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kinyonga ni nuksi, na watoto wengi wamemjua kwa mara ya kwanza akiwa anapigwa mawe. Kinyonga hana sumu. Akiuma, na huuma mara chache, ni kama kubanwa na kibanio cha nguo. Waambie mapema majirani mnaochangia korido au paa, uwaonyeshe kizimba kikiwa bado kitupu, na uwaachie nafasi ya kuuliza. Jirani aliyeulizwa ndiye atakayekupigia simu siku mlango utakapokuwa wazi.

Kwenye wavu ndipo watu wengi hukosea, na Kariakoo inakupa kila aina ya wavu unayoweza kuitaja. Wavu wa kuku una matundu makubwa: panzi wote watatoka, na panya wadogo wataingia. Neti laini ya nailoni ya dirishani huzinasa kucha za kinyonga, na panya huitafuna usiku mmoja. Tafuta waya uliovikwa plastiki wenye matundu ya nusu sentimita hivi, uufunge upande wa ndani wa fremu. Halafu, upande wa nje wa fremu hiyo hiyo, funga wavu wa pili, wa mbu. Unene wa ubao ndio utakaokuwa nafasi kati ya nyavu mbili, na nafasi hiyo ndiyo itakayookoa vidole vya mnyama wako. Kinyonga hulala ameshikilia wavu mara nyingi, na paka anajua hilo. Kunguru anajua zaidi. Hawa kunguru wa India walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka wameigeuza Dar kuwa yao, na hawamwachi mjusi, kifaranga wala yai. Wavu mmoja pekee kwenye roshani ya Kariakoo ni kumwandalia kunguru meza.

Kioo, sijakitaja kwa sababu sikitaki. Kabati la kioo hukusanya joto na kuzuia hewa, na kinyonga akiiona sura yake humo hudhani amevamiwa, akashinda siku nzima amevimba. Isitoshe, kioo huzuia mionzi ile ya jua inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo chokaa ya chakula haifiki kwenye mifupa: miguu hupinda, taya hulainika, ulimi hukosa nguvu. Jua linalopita dirishani linamwangaza kinyonga bila kumpa kitu hicho. Anahitaji jua lenyewe, la asubuhi, limwangukie moja kwa moja kupitia matundu ya wavu.

Hapo ndipo nyumba yako itakapokupa jibu la kweli. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zilizokuwa na ua na mti wa kivuli zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine, na ghorofa zilizochukua nafasi zimesimama kukaribiana mno. Chunguza roshani yako kabla ya kumwaga fedha. Simama hapo saa mbili asubuhi, saa sita, saa tisa, uone jua linagusa wapi na kwa muda gani. Roshani inayotazama mashariki ndiyo bora: jua la asubuhi linaingia, la alasiri linakatwa na jengo. Roshani ya magharibi itakulazimu utundike neti ya kivuli kuanzia saa saba. Juu ya paa kuna jua la kutosha, lakini sakafu ya zege na mabati ya tangi huwaka, kwa hiyo inua kizimba juu ya meza na ufunike nusu ya juu kwa makuti au turubai. Nusu tu. Masika ikifika, Machi hadi Mei, nusu iliyo wazi itampa mvua na iliyofunikwa itampa pa kujificha. Na kama roshani yako haipati jua lolote, usimchukue kinyonga. Zipo taa za mionzi, lakini ni ghali na hupoteza nguvu kabla mwanga wake haujafifia. Mtu anayeanza asianze hivyo.

Kiweke kizimba juu, matawi makuu yawe usawa wa kichwa chako au zaidi. Wengi wanaomla kinyonga humjia kutoka juu, kwa hiyo akitazamwa kutoka juu huishi kwa hofu. Usikikaribishe na jenereta ya duka wala kipaza sauti cha mnada. Kinyonga hana sikio la nje, lakini mtikiso wa mashine hupanda kwenye ubao na tawi mpaka mwilini mwake, na hana pa kuukimbia.

Ndani, jaza majani. Mlimau mchanga ndani ya ndoo, mche wa fikasi kutoka vitalu vya maua vya kando ya barabara, na matawi makavu ya mpera yaliyofungwa kwa mshazari kutoka kona hadi kona. Mpera ni mgumu, na unene wa kidole hadi dole gumba unautosha mshiko wa mguu wake. Majani yawe mengi kiasi kwamba ukifungua mlango itabidi umtafute. Epuka mnyaa na mimea mingine ya jamii yake yenye utomvu mkali, maana tone moja likimwingia jichoni ni balaa. Miche ya vitalu huwa imepuliziwa dawa, kwa hiyo ioshe majani yote, ubadilishe udongo wa juu, uiache nje wiki kadhaa. Sakafu ya kizimba iwe triplai iliyopakwa rangi ya mafuta ikakauka mpaka harufu iishe kabisa, na tundu moja la kutolea maji juu ya beseni. Usimwage mchanga wala maranda. Ulimi wake hunasa chochote, na maranda tumboni hayatoki.

Kukosa maji ndiko kunakowaua vinyonga wengi wa ndani, ingawa kuyapata ni rahisi kuliko vyote. Kinyonga hatambui maji yaliyotulia kwenye kibakuli. Anaweza kukauka huku mguu uko ndani ya bakuli hilo. Anachokitambua ni tone linalometa kwenye jani. Nenda duka la dawa, nunua seti ya dripu kama ile ya hospitali. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, itoboe kitako, itundike kichwa chini juu ya kizimba, uchomeke mrija, halafu uzungushe kigurudumu mpaka tone lianguke kila baada ya sekunde moja au mbili juu ya jani pana. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku mzima kwanza, harufu ya klorini itoke.

Asubuhi ya kwanza utafikiri hakuoni. Jicho moja liko kwako, jingine linalizunguka jani. Kisha mwili mzima unayumba mbele na nyuma, mguu mmoja unaachia tawi, unasita hewani, unashika mbele kidogo. Anaufikisha mdomo chini ya ncha ya jani, anafunga macho nusu, na taya zinaanza kutafuna maji taratibu, koo likipanda na kushuka. Anaweza kukaa hapo dakika nyingi. Kwa hiyo dripu isidondoke dakika mbili ukaifunga kwa kuwa unawahi kazini. Iache idondoke nusu saa, asubuhi na jioni, na majani uyanyunyizie pia.

Chakula, sasa. Mende wa Kariakoo hafai kabisa, kwa sababu huwezi kujua jana alipita kwenye dawa ya nani. Panzi wa bustani za mboga za bondeni nao wana dawa. Fuga mwenyewe nyenje: beseni refu la plastiki lenye kifuniko cha wavu, trei za mayai zimesimamishwa ndani, kikopo cha mchanga unyevu wa kutagia. Walishe karoti, maboga na mchicha uliooshwa vizuri, kwa maana chochote watakachokula wao ndicho atakachokula kinyonga. Kimulimuli usimpe hata mmoja. Ana sumu inayoua mijusi.

Chokaa ya mifupa inapatikana Feri, soko la samaki. Waombe wanaosafisha dome wakupe lile gamba jeupe la ndani ambalo wao hulitupa. Lioshe, likaushe juani, lisage, lipitishe kwenye chujio la chai. Nyenje wakiwa ndani ya mfuko, tia kiasi kidogo, tikisa, kisha mpe kinyonga. Kinyonga mkubwa anatosheka na nyenje watano au sita kila baada ya siku moja. Mdogo anakula kila siku. Nyenje waweke kwenye kikombe kilichofungwa kwenye tawi, umbali wa urefu wa mwili wake, na kaa umtazame. Watafiti waliopima ulimi wa kinyonga mdogo wa Usambara, Rhampholeon spinosus, walichapisha mwaka 2016 kwamba unafyatuka kwa mwongezeko wa mwendo unaozidi mara 260 ule wa kitu kinachoanguka. Kinyonga wako ni mkubwa na hafikii hapo, lakini jicho lako halitaona tofauti. Nyenje wasioliwa watoe jioni, maana usiku wao ndio watakaomtafuna yeye aliyelala.

Sisimizi na siafu wazuie kwa ujuzi wa bibi zetu wa kabati la vyakula: kila mguu wa meza ndani ya kopo lenye maji. Tia na tone la mafuta ya kupikia juu yake, kwa sababu Dar imeshapata milipuko ya dengi, ikiwamo ile ya 2014 na ya 2019, na makopo ya maji safi ndimo mbu wake huzaliana. Dawa ya mbu ya kupuliza na ile ya kuchoma zisitumike karibu na kizimba. Siku ya kufukiza jengo zima, muhamishe kabla mafundi hawajafika.

Weka kinyonga mmoja kwa kizimba kimoja. Wawili hata wasipopigana hunyanyasana kwa kutazamana tu, na mnyonge huacha kula. Wala usimtoe kila siku kuwaonyesha wageni. Jifunze kumsoma akiwa mahali pake. Akipauka na kuachama mdomo, joto limezidi: ongeza kivuli na maji papo hapo. Akiwa mweusi asubuhi juani, anaota jua, muache. Akiwa mweusi kutwa nzima, kuna kinachomtisha au kinachomuuma. Rangi zake hubadilika kwa joto na hali ya moyo, na yule anayedhani kinyonga hugeuka afanane na kitambaa alichowekewa ataishia kumhamisha hamisha mpaka amuue. Macho yaliyozama ni kiu. Macho yaliyofungwa mchana ni ugonjwa, na hapo usisubiri kesho, tafuta daktari wa mifugo anayekubali kumpokea mtambaazi. Mtafute kabla ya kumhitaji, kwa sababu walio wengi mjini wamezoea mbwa, paka na kuku.

Wale ambao kibali hakikutoka, au ambao wamesoma mpaka hapa wakaona kazi ni kubwa, wana njia ile niliyoiahidi, nami naiona kuwa nzuri kuliko kizimba. Panda vichaka uani, kwenye uwanja wa msikiti, kanisa au shule, popote penye udongo mnapoelewana na wenyewe. Acheni kupuliza dawa. Muunganishe matawi ya mti mmoja na wa pili ili asilazimike kuvuka lami. Usiku pitisha tochi juu ya majani: kinyonga aliyelala hupauka, na mwanga humtoa wazi kabisa kwenye ncha ya tawi jembamba, mkia umejiviringisha. Utamtazama usiku hadi usiku bila kumgusa na bila kosa lolote kisheria.

Kwa mwenye kibali, limebaki moja. Jike hutaga, na anaweza kuwa na mayai tumboni tangu siku umpokeapo. Akianza kushuka chini na kuzunguka sakafuni bila kutulia, muwekee ndoo ya mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu wa kushikamana, kina cha sentimita 30 hivi, na ufunike kizimba kwa kitenge asikuone. Asipopata pa kuchimba, mayai hukwama tumboni na humuua. Akipata, hufukia mayai kati ya 20 na 60, kisha hupanda juu amekonda, mchanga puani, akitafuta maji. Mayai hayo huchukua miezi mingi kuanguliwa, pengine karibu mwaka, na kila kitoto kitakachotoka ni mnyamapori anayehitaji kibali chake na mahali pake. Kuwaachia Mnazi Mmoja bila ruhusa si suluhisho. Vinyonga wenye pembe tatu kutoka Kenya walioachiwa Hawaii mwaka 1972, ili wapone uchovu wa safari, wameenea visiwani huko na sasa wanawala wadudu na konokono wasiopatikana kwingine duniani. Nenda TAWA ukawaambie kuna mayai wiki ile ile yanapofukiwa, ili mpate miezi yote hiyo ya kukubaliana watoto watakwenda wapi.